Mpango wa dharura wa hospitali utakaofanya kazi saa nane usiku: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Wakuu, kila mvua zikikaribia meseji ni zilezile, naomba sampuli ya mpango wa dharura wa hospitali, tuna ukaguzi wiki ijayo. Sampuli wengi mnayo tayari, imechapwa vizuri, ina mhuri wa mganga mfawidhi na iko kabatini. Halafu umeme unakatika saa nane usiku, mama yuko mezani thieta, jenereta haiwaki, na sista wa zamu hajui ufunguo wa chumba cha jenereta anao nani. Mpango ulikuwepo, kilichokosekana ni mtu, namba ya simu, ufunguo na dizeli.

Kwa hiyo leo sitoi sampuli, naandika namna ya kuujenga wenyewe, kwa kituo cha afya au hospitali ya wilaya ya huku kwetu Dodoma, iwe Bahi, Chamwino, Kongwa, Mpwapwa, Chemba, Kondoa au hapa mjini, na hata majirani wa Manyoni na Gairo itawafaa.

Jambo moja lishikeni kabla hatujaanza. Kwetu vitu haviharibiki kimoja kimoja. Umeme ukikatika pampu ya kisima inasimama, tenki linaisha, mashine za oksijeni zinazima, mtandao unakufa, kontrolo namba ya malipo haitoki na mgonjwa anakwama dirishani. Mpango wenye ukurasa wa umeme na ukurasa wa maji kama vile havijuani, huo ndo unaofeli kila mara.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kwanza

Msianze kikao kabla hivi havijapatikana, la sivyo mtaishia kuandika "vifaa vitatafutwa" na havitatafutwa.

- Kaunta buku mbili, moja ya mpango na moja ya kuandika matukio na mazoezi
- Ramani ya kituo iliyochorwa kwa mkono, ionyeshe milango yote, meni switchi, jenereta, matenki, stoo, na koki ya oksijeni kama mna mabomba
- Orodha ya watumishi wote, simu mbili kwa kila mmoja, na mtaa anaokaa
- Funguo za akiba za chumba cha jenereta, stoo ya dawa, stoo ya vifaa na geti la nyuma
- Tochi za kichwani angalau mbili kila wodi, na betri zake
- Ambu begi (mfuko wa kumpumulisha mgonjwa kwa mkono) za watu wazima, watoto na wachanga, mkihesabu pale zilipo na siyo zile za kwenye leja
- Kijiti cha kupimia dizeli, thermometa za majokofu, kipima klorini
- Mafaili matupu 30 yenye namba tayari, kadi za rangi nne za kupanga majeruhi, maka peni, selotepu pana

Na watu. Mganga mfawidhi, muuguzi kiongozi, katibu wa afya, mfamasia, mtu wa maabara, fundi, pamoja na mlinzi na mhudumu wa usafi. Hawa wawili wa mwisho wanasahaulika sana ilhali mlinzi ndo anajua ufunguo gani unakaa na nani usiku, na mhudumu wa usafi ndo anajua bomba lipi linakauka mwanzo.

Jipeni mwezi mmoja na nusu, msikimbie.

## Hatua ya 1: Chagueni matukio manne tu

Mpango wenye matukio 20 hausomwi na mtu. Chagueni manne ambayo kweli yatawapata. Kwa Dodoma mimi ningeanza na haya: umeme na maji kukatika zaidi ya siku moja, ajali kubwa ya barabarani au ya reli, barabara kukatwa na mvua, na ugonjwa wa mlipuko au sumu ya chakula.

Hayajatoka hewani. Mvua zetu ni chache ila zinakuja kwa nguvu kati ya Desemba na Aprili, na korongo lililokuwa kavu asubuhi linaweza kuwa halipitiki jioni. Ajali ya treni ya tarehe 24 Juni 2002 ilitokea hukuhuku mkoani kwetu, eneo la Igandu, na watu zaidi ya 280 walifariki. Mwaka 2016 sumukuvu, ile sumu ya ukungu, kwenye mahindi iliua watu Chemba na Kondoa. Matetemeko nayo tunayasikia, ila mkijiandaa vizuri kwa hayo manne sehemu kubwa ya maandalizi ya tetemeko mtakuwa mmeshayafanya.

Angalizo: msinakili orodha ya hospitali ya Dar. Mafuriko ya Jangwani siyo mafuriko ya Mpwapwa.

Mmefaulu kama: muuguzi yeyote mkimuuliza koridoni anayataja manne bila kufungua kitabu.

## Hatua ya 2: Nani anaamua usiku

Hapa ndo penye kufeli kwingi. Mpango unaandika "mganga mfawidhi ataongoza", na mganga mfawidhi yuko kikaoni Dar.

Andikeni nafasi siyo majina, kisha kila nafasi iwe na watu watatu kwa mfuatano, na mmoja wa hao watatu lazima awe anakaa umbali wa kutembea kwa miguu. Nafasi tano zinatosha: kiongozi wa tukio, msimamizi wa matibabu, msimamizi wa umeme na maji na vifaa, msemaji wa ndugu na wageni, na mwandishi wa kumbukumbu.

Usiku, kiongozi wa tukio ni muuguzi mwandamizi wa zamu tangu dakika ya kwanza. Anaendelea kuwa kiongozi mpaka mkubwa afike na aseme kwa mdomo mbele ya watu "sasa napokea mimi". Bila kauli hiyo mtakuta wawili wanatoa amri au hakuna anayetoa.

Halafu jambo hili nalisisitiza kwa nguvu zote: kiongozi wa zamu apewe ruhusa ya maandishi, yenye sahihi ya mganga mfawidhi, kufungua stoo, kutumia dizeli ya akiba, kuita gari la wagonjwa na kuwaita watumishi walio off, bila kusubiri idhini ya mtu. Bandikeni nakala kaunta ya wauguzi. Nesi akiogopa kuulizwa kesho kuhusu lita 20 za dizeli atasubiri, na gharama ya kusubiri huko mgonjwa ndo anailipa.

Kwa kuitana, grupu la WhatsApp halitoshi, watu wamelala, bando limeisha, simu iko sailenti. Tengenezeni mti wa simu, mmoja anapiga kwa watatu, kila mmoja wa hao naye anapiga kwa watatu wake, na wa mwisho kwenye mti anampigia kiongozi kusema imenifikia. Mtandao ukifa kabisa ndo ile orodha ya mitaa inapotumika, bodaboda mmoja anatumwa upande wa Nkuhungu na Chang'ombe, mwingine Ipagala na Ilazo, kila mmoja na karatasi ya majina na nyumba zilipo. Kubalianeni na hao bodaboda mapema na bei iandikwe.

Namba za kubandika ukutani kwa maandishi makubwa: 112 polisi, 114 zimamoto na uokoaji, 115 gari la wagonjwa, 199 kituo cha simu cha wizara ya afya. Chini yake muandike namba za DMO (mganga mkuu wa wilaya), TANESCO ya eneo lenu, mamlaka ya maji, mwenye boza la maji, na hospitali mbili mnazopeleka rufaa.

Mmefaulu kama: mkipiga simu ya kushtukiza Jumapili usiku, theluthi moja ya watumishi wanasema wanaweza kufika ndani ya saa moja, na mnajua ni akina nani.

## Hatua ya 3: Umeme

Kwanza andikeni vitu vinavyotakiwa kuwaka hata iweje: taa na sakshoni (mashine ya kufyonza damu na ute) ya thieta, leba, chumba cha watoto njiti, mashine za oksijeni, jokofu la damu, jokofu la chanjo, mashine moja au mbili za maabara, pampu ya maji. Hiyo pampu msiisahau, nimeona mipango mizuri kabisa inawasha AC ya ofisi na inaacha pampu.

Halafu andikeni vya kuzimwa papo hapo: AC za ofisi, hita, majiko ya umeme, pasi, mashine za kufulia. Eksirei iwashwe kwa zamu kwa sababu inavuta umeme mwingi kwa mkupuo na inaweza kuiangusha jenereta ndogo. Fundi aweke alama za rangi kwenye breka, nyekundu hazizimwi, kijani zinazimwa, ili hata mtu asiye fundi aweze kuzifuata kwa tochi.

Sasa dizeli. Msiamini namba ya kwenye kitabu cha jenereta. Jazeni tenki mpaka alama, washeni kwa mzigo halisi saa nzima, kisha mjaze tena mpaka alama ileile mkipima kilichoingia. Mkipata lita 9 kwa saa, masaa 24 ni lita 216 na masaa 72 ni lita 648. Hapo ndo mnaamua kwa akili, ama mnaweka akiba hiyo, ama mnapanga jenereta iwake kwa vipindi huku betri na sola zikibeba leba na jokofu katikati. Masaa 72 nayataja kwa sababu barabara ikikatika huwezi kuhesabu msaada ufike mapema zaidi ya hapo.

Kinachozifelisha jenereta nyingi kuwaka ni betri ya kuwashia. Jenereta yenyewe nzima, dizeli ipo, betri imekufa kwa kukaa. Kwa hiyo kila wiki, siku moja maalum, iwashwe nusu saa ikiwa na mzigo. Kuiwasha tupu bila mzigo mara kwa mara inajaza masizi na inaiua taratibu. Aliyeiwasha aandike kwenye kaunta buku saa, kiwango cha dizeli kwa kijiti, na sahihi.

Kuna ule mwanya kati ya umeme kukatika na jenereta kushika. Kama chenjiova, ile swichi ya kuhamishia umeme kwenye jenereta, ni ya mkono ni dakika kadhaa, na gizani dakika tatu kwenye upasuaji ni nyingi mno. Thieta na leba ziwe na taa ya betri inayowaka yenyewe, na tochi ya kichwani ining'inie kwenye msumari mmoja usiobadilika ambao kila mtu anaujua. Kila kitanda chenye mgonjwa wa oksijeni kiwe na ambu begi ukutani.

Maangalizo: jenereta isiwashwe ndani au karibu na madirisha ya wodi, moshi wake una gesi inayoua bila harufu. Msiongeze dizeli injini ikiwa ya moto. Madumu ya akiba yakae kwenye chumba chake chenye hewa, na mchanga na mtungi wa kuzimia moto vikiwa nje ya mlango, siyo ndani. Na dizeli mpya isirundikwe juu ya ya zamani, tumieni ya zamani mwanzo, ikikaa muda mrefu inaingiza maji na uchafu chini.

Mmefaulu kama: mlinzi, siyo fundi, anaweza kuwasha jenereta kwa kufuata karatasi iliyobandikwa ukutani.

## Hatua ya 4: Oksijeni, damu na chanjo

Mashine ya kuzalisha oksijeni bila umeme haitoi chochote, kwa hiyo mitungi ndo pumzi ya akiba. Hesabu ni rahisi. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoa lita 5 kwa dakika unadumu karibu masaa 22 na nusu. Wagonjwa wanne wa lita 5 kila mmoja ni lita 20 kwa dakika, yaani 1,200 kwa saa, na mtungi huohuo unaisha ndani ya masaa matano na nusu hivi. Kwa masaa 72 mnahitaji mitungi 13. Kama stoo ina mitatu, basi mpango wenu una pumzi ya masaa 17, na hiyo ndo namba ya kumpelekea DMO kuliko kuandika "oksijeni haitoshi".

Mtungi usiojaa pia una hesabu yake, soma geji, gawanya kwa presha ya mtungi uliojaa, zidisha kwa ujazo. Ukisoma nusu ya presha una nusu ya gesi.

Kwenye uhaba daktari anaweza kupunguza mtiririko. Mtu mzima aliyetulia anayesoma 99 kwenye kipima oksijeni hahitaji lita zote hizo, lengo la 90 kwenda juu linatosha kwa mgonjwa wa kawaida aliyetulia, mjamzito 92 kwenda juu, na watoto wachanga mara nyingi wanatumia lita nusu hadi moja tu kwa dakika. Mnaweza kuokoa mtungi mzima kwa usiku mmoja kwa kupita kitanda hadi kitanda na kipima oksijeni.

Spana ya mtungi ifungwe kwa mnyororo pale mitungi ilipo. Na mitungi yenyewe ifungwe ukutani, mtungi ukianguka na kuvunjika kichwa unaruka kwa nguvu ya kuua.

Damu inataka nyuzi 2 hadi 6, chanjo 2 hadi 8. Umeme ukikatika jokofu lisifunguliwe kuangalia kama bado ni baridi, thermometa isomwe nje. Andikeni mlangoni saa umeme ulipokatika. Ikikaribia 8 hamishieni chanjo kwenye boksi la baridi, ila pakiti za barafu zisitoke friza zikaingia moja kwa moja, ziacheni mpaka ukitikisa usikie maji yanacheza ndani. Chanjo kama ya pepopunda, pentavalenti, HPV na homa ya ini B zinaharibika zikiganda, na watu wengi wanazilinda na joto tu.

Mmefaulu kama: ukutani wodini kuna karatasi moja inayosema leo tuna masaa mangapi ya oksijeni, na imeandikwa leo.

## Hatua ya 5: Maji

Maji ya Dodoma mjini kwa sehemu kubwa yanatoka visima virefu vya Mzakwe, na visima vinasukumwa na pampu za umeme. Kwa hiyo umeme wa mji mzima ukizima muda mrefu hesabuni kwamba bomba nalo litafuata. Vijijini ndo hivohivo, kisima cha kituo ni pampu.

Viwango vya Shirika la Afya Duniani ni lita 40 hadi 60 kwa mgonjwa aliyelazwa kwa siku, lita 5 kwa mgonjwa wa nje, na lita 100 kwa kila upasuaji au uzazi. Chukua kituo chenye vitanda 40, wagonjwa wa nje 100 na uzazi na upasuaji 6 kwa siku: 2,000 jumlisha 500 jumlisha 600, ni lita 3,100. Kwa siku tatu ni 9,300, yaani simtanki moja la lita 10,000 ambalo haliguswi siku za kawaida. Ukilifungua kila siku siyo akiba tena, fungeni koki kwa kufuli na mlijaze upya kila baada ya muda ili maji yasioze.

Maji ya boza yatibiwe kabla hayajaingia wodini. Tengenezeni kwanza maji ya klorini ya asilimia 1 kwa gramu 15 za unga wa klorini (HTH) wa asilimia 70 kwenye lita moja, kisha mililita 200 za hayo kwa kila lita 1,000 za tenki. Subirini nusu saa, pimeni. Mkipata miligramu 0.2 hadi 0.5 kwa lita mko sawa, ikiwa chini ongezeni kidogo mpime tena. Kama maji yana tope yaacheni yatulie kwanza, tope linaila klorini. Kwa kusafisha sakafu zenye damu, jiki ya asilimia 3.5 kikombe kimoja kwa vikombe sita vya maji inawapa asilimia 0.5. Msichanganye klorini na sabuni ya choo yenye asidi, inatoa gesi mbaya.

Na hili la kwetu: maji mengi ya visima huku yana chumvi. Mkiyaweka kwenye otoklevu, mashine ya kuua vijidudu kwenye vifaa, wiki nzima za dharura mtaua mashine katikati ya tatizo. Wekeni madumu ya maji ya mvua au yaliyochujwa, yaandikwe OTOKLEVU TU, na kila kiangazi kinapoanza pakiti za vifaa tasa vya uzazi na upasuaji ziongezwe kabatini ili mpate siku mbili bila kuchemsha chochote.

Mmefaulu kama: mkifunga bomba kuu siku nzima leba haijui.

## Hatua ya 6: Mfumo ukizima, karatasi

Wekeni kanuni ya dakika 15. GoTHoMIS (mfumo wa kompyuta wa hospitali) au mtandao ukizima dakika 15, mapokezi yanahamia karatasi bila kuuliza mtu. Boksi moja lenye fomu za OPD (wagonjwa wa nje), maabara, dawa, rufaa na vyeti vya kifo likae mapokezi na lingine wodini. Rejista za MTUHA, vile vitabu vya takwimu za wagonjwa, ziendelee kujazwa kama kawaida, hizo ndo zitawaokoa kwenye kurudisha taarifa.

Namba za wagonjwa za kipindi hicho zianze na herufi, mfano D001, ili zisigongane na za mfumo. Mfumo ukirudi mtu mmoja aliyetajwa jina anaingiza zote, na boksi linajazwa fomu upya siku hiyohiyo.

Malipo ndo panapoumiza. Bila mtandao kontrolo namba haitoki, na uhakiki wa bima haufanyiki. Andikeni wazi kwamba mgonjwa wa dharura anatibiwa kwanza, namba ya kadi yake na simu ya ndugu vinaandikwa kwenye fomu ya deni, na katibu wa afya anafuatilia baadaye. Kama halijaandikwa, karani wa dirishani hawezi kuamua mwenyewe usiku, na kumlaumu ni kumwonea.

## Hatua ya 7: Majeruhi 20 kwa mpigo

Basi limepinduka kati ya Kibaigwa na Gairo, au njia ya Bahi. Wa kwanza kufika siyo walioumia zaidi, ni wale walioweza kupanda gari lolote lililopita, nusu saa baadaye ndo wanakuja waliokunjwa na vyuma. Mkijaza vitanda vyote na wa kwanza mmekwisha.

Mlango wa kuingilia uwe mmoja tu. Mpangaji asimame hapo nje, asitibu, apange tu. Anayeweza kutembea mwambie asogee kule, huyo ni kijani. Asiyepumua hata baada ya kufunguliwa njia ya hewa ni mweusi. Anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika, au ukimbonyeza kucha rangi inachelewa kurudi zaidi ya sekunde 2, au haelewi amri rahisi kama "nishike mkono", ni mwekundu. Aliyebaki ni njano. Hii ni ya watu wazima, watoto wadogo wana vipimo vyao, muwabandikie karatasi yao pembeni. Na inarudiwa, njano wa saa tatu anaweza kuwa mwekundu saa tatu na nusu.

Maeneo myaamue leo kwenye ramani. Wekundu karibu na thieta, njano wodini, kijani chini ya mti au kwenye ukumbi wa kliniki ya mama na mtoto, marehemu sehemu ya faragha ambayo ndugu hawapiti. Mafaili yenye namba yanaanza kazi hapa, namba inabandikwa kifuani kwa selotepu na kuandikwa kwa maka peni mkononi, jina litakuja baadaye.

Ndugu watafurika, hiyo ni haki yao. Wapewe sehemu yao yenye kivuli, maji, na mtu mmoja anayewapa taarifa kila nusu saa hata kama hana jipya. Huku makao makuu ya nchi viongozi nao watakuja kuwapa pole majeruhi, na waandishi wa habari watakuja nao, kwa hiyo yule msemaji awapokee na kuwapeleka sehemu iliyopangwa, ili daktari asitolewe mezani kwenda kusalimia.

Mmefaulu kama: saa moja baada ya gari la kwanza unaweza kusema kwa namba: wekundu wangapi, njano wangapi, nani ameenda rufaa na kwa gari gani.

## Hatua ya 8: Stoo, barabara, moto

Dawa muhimu za dharura, dripu, gloves, nyuzi na vifaa vya kuongezea damu viwekwe kwenye kabati lao la pekee, akiba ya wiki mbili, na vizungushwe na vya kawaida visipitwe na muda. Bohari ya Dawa ina ghala la kanda hapa Dodoma lakini hilo halimsaidii mtu wa kijiji ambacho korongo limejaa, kwa hiyo oda ya mvua ifanyike Oktoba. Wajawazito waliokaribia kujifungua na wanaokaa ng'ambo ya korongo waambiwe kwenye kliniki wasogee mapema.

Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inaweka kamati za maafa kuanzia mkoa hadi kijiji na mtaa. Pelekeni mpango wenu kwenye kamati ya wilaya na muombe majibu ya maandishi kwa mambo matatu: nani analeta maji, nani analeta dizeli, na gari gani litahamisha wagonjwa kama la kwenu limeharibika.

Moto ukitokea, toeni wagonjwa walio karibu nao, pigeni kelele na 114, fungeni milango, fungeni oksijeni ya wodi hiyo baada ya kuwapa wanaoitegemea mtungi mdogo, ndipo mzime kama ni mdogo. Hamisheni kwanza kwenda wodi ya pembeni kwenye usawa uleule, siyo kukimbilia nje na dripu mikononi.

## Hatua ya 9: Zimeni meni switchi

Mpango ambao haujajaribiwa bado ni karatasi tu. Anzeni na zoezi la mezani la masaa mawili, kiongozi anasoma tukio na kila mtu anajibu kwa kutaja kitu halisi. "Nitawasha jenereta." Ufunguo uko wapi? "Kwa fundi." Fundi yuko wapi? Endeleeni kuuliza mpaka jibu liishie kwenye kitu cha kushika mkononi.

Baada ya wiki mbili fanyeni zoezi la kweli. Chagueni mchana wa siku isiyo na upasuaji, mganga mfawidhi ahakikishe hakuna mgonjwa anayetegemea mashine bila mtungi tayari kando yake, waambieni wagonjwa na ndugu mapema, halafu fundi azime meni switchi. Mwandishi wa kumbukumbu asimame na saa: taa ziliwaka dakika ya ngapi, nani alifika, nini kilikosekana. Mara ya pili fanyeni usiku, na muuguzi mdogo kabisa kwenye zamu ndo awe kiongozi.

Jioni ileile, kabla watu hawajatawanyika, kaeni dakika 30. Nini kilienda vizuri, nini kilikwama, nani anarekebisha na lini. Asitafutwe wa kulaumiwa, la sivyo zoezi lijalo watu wataficha. Kila kilichokwama kipewe jina la mtu na tarehe, kiandikwe kwenye kaunta buku ya pili, na kikao cha kwanza cha mwezi unaofuata kianze na ukurasa huo.

Orodha za nafasi na za simu zikaguliwe kila miezi mitatu, na kila mtumishi anapohamishwa, siku hiyohiyo anapokabidhi ofisi. Mtumishi mpya aonyeshwe siku ya kwanza vitu vitano: meni switchi, jenereta, spana ya oksijeni, boksi la fomu, na mahali tochi inaponing'inia.